UZI: Kusaka sarafu za zamani kwa ditekta kwenye bustani za umma mkiwa wawili

#1 Koili28

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotoka wawili na ditekta (mashine ya kutafuta metali ardhini) kwenye bustani za umma kusaka sarafu za zamani. Kutafuta ukiwa peke yako kumeshaelezwa sana. Kutafuta mkiwa wawili kuna utaratibu wake, na wengi hukwama kwa sababu zile zile: wananunua mashine mbili za aina moja, wanatembea bega kwa bega, kisha wanalalamika kuwa mashine zina kelele na bustani imeshamalizwa na waliotangulia. Faida ya kuwa wawili si kumaliza eneo kubwa haraka. Faida ni kupitia eneo lile lile kwa njia mbili zisizofanana.

Kabla ya yote, ruhusa. Bustani kuwa ya umma hakumpi kila mtu haki ya kuichimba. Ina msimamizi wake, na ndiye wa kuombwa kibali, kwa maandishi. Nchi zinatofautiana sana. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani ni kosa hata kuwa na ditekta mkononi ikiwa haijafungwa na kuwekwa mbali. Royal Parks (bustani za kifalme) za London haziruhusu. Ireland inakataza kutafuta vitu vya kale kwa ditekta bila idhini ya maandishi ya serikali, na Ufaransa pia inataka kibali. England na Wales kuna Sheria ya Hazina ya 1996: ukipata sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizokuwa pamoja, zenye umri wa miaka 300 au zaidi, unatakiwa kuripoti ndani ya siku 14.

Mkiomba kibali, ulizeni mambo manne palepale: sehemu zipi zimefungwa, mwisho wa kina cha kuchimba, kifaa gani kinaruhusiwa (baadhi ya bustani hukubali bisibisi tu, hazitaki sepeto), na kitakachopatikana ni mali ya nani. Kila mmoja awe na kibali chenye jina lake. Kibali cha mmoja hakimfuniki mwenzake.

Karibuni mchangie. Naomba tushikilie vipimo na sababu zake.


#2 MawimbiMafupi

Nianze na kelele, maana ndiyo inayovunja moyo watu wawili siku ya kwanza.

Ditekta nyingi za sarafu hurusha wimbi la sumaku kutoka kwenye koili (ile sahani ya nyaya iliyo chini ya mashine) kwa masafa ya kati ya kilohezi 3 na 40 hivi. Wimbi likigonga metali, mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani ya metali hiyo na kurudisha wimbi lake dhaifu lililochelewa kidogo. Mashine inapima ule ucheleweshaji na kukupa namba. Sasa mwenzako akiwa mita nne na mashine ya masafa yale yale, koili yako inapokea wimbi lake kana kwamba ni sarafu. Utasikia mlio unaopanda na kushuka kwa mpigo, hata ukiwa umesimama.

Dawa ni hii. Washeni mashine zote mbili mkiwa mmeachana mita 10. Wa kwanza aendeshe kitufe cha kutafuta chaneli tulivu, koili yake ikiwa imetulia, huku mashine ya mwenzake inafanya kazi. Ikimaliza, wa pili naye afanye vivyo hivyo. Mkifanya wote kwa wakati mmoja, kila mashine inachagua chaneli kwa kufuata hali ambayo inabadilika sekunde hiyo hiyo, na mnarudi pale pale. Kelele ikibaki, ongezeni umbali hadi mita 15 au 20 kabla ya kugusa usikivu. Usikivu ndio wa kupunguzwa mwisho, kwa sababu kila hatua unayoshusha inakunyang'anya kina.

Simu nayo iwe mfuko wa nyuma au kwenye begi, isiwe mkono unaoshika mashine. Na viatu vyenye chuma mbele viacheni nyumbani: koili ikikaribia mguu inalia. Tatizo hili ni la zamani kuliko hobi yenyewe. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutafuta kwa kifaa chake risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, na springi za chuma za kitanda zilitajwa miongoni mwa sababu za kushindwa.


#3 Njiwa_Manga

Swali kwa wakuu: sisi ni wawili na bajeti inatosha mashine mbili za kati. Tununue za aina moja ili tubadilishane koili na betri, au tofauti?


#4 Koili28

@Njiwa_Manga kama zote zina masafa mengi kwa pamoja na zina chaneli za kuhamisha, aina moja si mbaya, mradi koili ziwe tofauti. Mmoja abaki na ya sentimita 28, mwingine aweke ya sentimita 15. Kama ni za masafa ya aina moja tu, chukueni tofauti: moja ya kilohezi 5 hadi 8, nyingine ya 15 hadi 20. Masafa ya chini yanapenda fedha na shaba nene, yale ya juu yanaona vizuri vitu vidogo na vya nikeli au dhahabu nyembamba. Hapo mnapata macho mawili tofauti na kelele zinapungua zenyewe.

Koili kubwa inashika sarafu ya ukubwa wa kawaida kwenye sentimita 15 hadi 20 kwa udongo usio na madini mengi. Ndogo inapoteza sentimita kadhaa, lakini inapita katikati ya takataka ambako kubwa inaona vitu vitatu kwa mpigo na kukupa namba ya uongo.


#5 Bawaba

Naongezea kwenye usawazishaji wa ardhi, yaani kuizoesha mashine isilie kwa madini ya udongo, maana watu huuruka. Tafuta sehemu isiyo na metali (hakikisha kwanza kwa kupitisha koili), kisha ipandishe na kuishusha koili kutoka sentimita 3 hadi 25 huku umeshika kitufe, mpaka mlio usibadilike ukiikaribia ardhi. Rudia kila mnapohama kutoka kwenye nyasi kwenda kwenye kokoto au udongo mwekundu. Udongo wenye chuma kingi usiposawazishwa, sarafu iliyo chini inasomeka kama msumari, na mtu aliyechuja chuma (aliyeiweka mashine inyamazie chuma) hataisikia kabisa.

Upitishaji wenyewe: koili iwe sambamba na ardhi, sentimita 2 hadi 3 juu ya nyasi, na kila pitio lipande juu ya lililotangulia kwa nusu ya koili. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni kuinua koili mwishoni mwa kila mzunguko wa mkono. Ukiinua sentimita 8 pembeni, umepoteza sentimita 8 za kina pembeni, na ule mstari unaobaki kati ya watu wawili ndio unaobaki na sarafu.


#6 RamaniYaKale

Hoja ya #1 kuhusu njia mbili nataka kuifafanua, kwa sababu ndiyo kiini cha uzi huu.

Koili nyingi za sasa ni zile zenye nyaya mbili za umbo la D zilizopandana katikati. Eneo linalosikia vizuri ni ukanda mwembamba unaotoka mbele ya koili hadi nyuma. Chukulia sarafu ya fedha kwenye sentimita 12, na msumari wenye kutu sentimita 5 pembeni yake, upande wa mashariki. Ukitembea kuelekea kaskazini, koili yako inafagia kutoka magharibi kwenda mashariki: ukanda unagonga sarafu kwanza, kisha msumari. Unasikia mlio wa juu, mfupi, na chuma pembeni. Lakini ukitembea kuelekea mashariki, ukanda umelala mashariki hadi magharibi, sarafu na msumari viko ndani yake kwa wakati mmoja, na chuma kinameza sauti. Mashine ile ile, mahali pale pale, mtu mmoja anasikia na mwingine anapita.

Ndiyo maana tunapima kisanduku cha mita 10 kwa 10, tunakiwekea kamba, na mmoja anatembea kaskazini-kusini, mwingine mashariki-magharibi. Anzeni kwenye pembe zinazokabiliana ili msikutane. Kila mmoja akimaliza upande wake mnabadilishana. Hiyo ni kazi ya saa mbili au tatu kwa kisanduku kimoja kwenye sehemu yenye takataka, na mnaoona ni polepole mno jueni bustani nyingi zinazosemwa zimekwisha zimepitwa kwa upande mmoja tu.

Sasa kisanduku kiwekwe wapi? Si katikati ya uwanja. Sarafu hudondoka pale watu wanapokaa, wanapojilaza na wanapotoa pesa: chini ya miti mikubwa ya zamani, hasa upande wa kivuli cha mchana, kwenye miteremko inayotazama uwanja wa michezo au jukwaa la bendi, kwenye malango yaliyozibwa, kando ya njia ambazo hazipo tena. Ramani za zamani na picha za angani zinaonyesha njia hizo. Linganisha ramani mbili za miaka tofauti: kitu kilichokuwepo kwenye ya kwanza na kimetoweka kwenye ya pili ndicho cha kufuata. Angalieni pia shina la mti mkubwa. Kama limezama kwenye udongo bila kutanuka pale chini, kuna kifusi kimemwagwa, na sarafu za zamani huenda ziko chini ya uwezo wa mashine yenu. Hapo msipoteze muda.


#7 Njiwa_Manga

Nashukuru @RamaniYaKale, hili la pande mbili sikuwahi kulisikia. Na namba kwenye kioo? Tunaambiwa tuchimbe za juu tu.


#8 MawimbiMafupi

Kila mashine ina kipimo chake, kwa hiyo namba za jirani hazikusaidii. Panga juu ya meza ya mbao sarafu za metali mbalimbali, kipande cha foili, kizibo cha soda na kishikio cha kopo, upitishe kila kimoja sentimita 10 kutoka kwenye koili na uandike. Mfuatano kwa kawaida ni huu: chuma chini kabisa, kisha foili, kisha nikeli na vishikio vya makopo vikiwa vimechanganyikana, kisha zinki, na juu kabisa shaba na fedha.

Shida ni pale kati. Pete nyingi za dhahabu na sarafu za nikeli zinaangukia namba za vishikio vya makopo. Hakuna mashine inayotenganisha hivyo kwa uhakika, kwa kuwa inapima upitishaji umeme na ukubwa, haijui thamani.

Na juu nako kuna udanganyifu: kizibo cha soda chenye kutu na bamba la chuma huruka hadi namba za fedha. Jaribio ni kuzunguka. Simama juu ya mlio, geuka nyuzi 90, pitisha tena. Sarafu iliyolala inashika namba ile ile, ikicheza kwa mbili au tatu. Kizibo kinaruka kwa kumi au zaidi na kinakwaruza mwisho wa mlio. Kisha sogeza koili nje taratibu: mlio wa sarafu unakatika ghafla, wa chuma unaburuzika na kugeuka mlio wa chini. Mkiwa wawili kuna nyongeza ya bure: mwite mwenzako apitishe mashine yake kabla hujachimba (wewe zima yako). Mashine mbili tofauti zikikubaliana, chimba.


#9 Bawaba

Hapo kwenye "za juu tu" nina neno. Mtu anayechimba za juu tu hawezi kujua tabaka alilopo. Vile vishikio vya pete vinavyong'oka kopo likifunguliwa vilienea miaka ya 1960, na vile vinavyobaki kwenye kopo vikaanza 1975. Mkivitoa vya pete kwenye sentimita 6, mnajua tabaka hilo ni la miaka ile, na kilicho kwenye sentimita 12 mahali hapo hapo kina nafasi nzuri ya kuwa cha zamani zaidi. Takataka ni kalenda. Chimbeni kila kitu kisicho chuma kwenye kipande cha mita 2 kwa 2, mjue tabaka, kisha ndipo mchague.

Vivyo hivyo na sarafu za karibuni. Senti ya Marekani tangu 1982 ni zinki iliyopakwa shaba, na huliwa na udongo hadi ikatoboka. Senti 1, 2 na 5 za yuro ni chuma kilichopakwa shaba, zinasomeka ovyo. Fedha ina mipaka yake ya miaka: sarafu za dime (senti 10) na robo dola za Marekani zilikuwa na fedha asilimia 90 hadi zenye tarehe ya 1964, za Uingereza zilishuka kutoka asilimia 92.5 hadi 50 mwaka 1920, na 1947 fedha ikaondolewa kwenye za matumizi ya kawaida. Mkiona tarehe za kabla ya mipaka hiyo zinaanza kutoka, punguzeni mwendo.


#10 RamaniYaKale

Naafiki kwa mita 2 kwa 2. Siafiki kuchimba kila kitu bustani nzima. Mashimo 60 kwa asubuhi moja kwenye nyasi za umma, hata yakizibwa vizuri, yanaonekana wiki inayofuata, na anayefungiwa mlango si nyinyi wawili tu.


#11 Bawaba

Kweli, na hapa ndipo naomba tukae zaidi, kwa sababu shimo baya ndilo linalofuta vibali.

Baada ya kupata mlio, pitisheni koili juu yake kwa msalaba, kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, na muweke alama pale mistari inapokatana. Kisha pointa, kile kifaa kidogo cha mkononi, juu ya nyasi. Ikilia kabla ya kuchimba, kitu kiko ndani ya sentimita 3 au 4, na hakihitaji sepeto. Chukua bisibisi butu, iingize pembeni ya kitu kwa mshazari, panua udongo kidogo na ukisukume juu. Bisibisi yenye ncha itakwaruza uso wa sarafu, na mkwaruzo haufutiki.

Pointa isipolia juu, kateni bonge. Umbo la kiatu cha farasi, upana sentimita 12 hadi 15, alama yenu ikiwa katikati. Kisu kishuke wima hadi sentimita 8 au 10, pande tatu tu. Upande wa nne haukatwi: huo ndio bawaba, na mizizi yake inaendelea kunywa maji. Watu hukosea kwa kukata kisu kikielekea katikati, bonge linatoka na umbo la pia. Chini hakuna mizizi ya kutosha, juu ni kofia nyembamba, na siku tatu za jua inakuwa duara la njano. Kosa la pili ni bonge dogo mno. La sentimita 6 linang'olewa na mashine ya kukatia nyasi.

Funua bonge kama jalada, na pitisha pointa kwanza kwenye bonge lenyewe, ndani ya shimo baadaye. Udongo wote wa shimo uende kwenye turubai au kitambaa cha sentimita 50 kwa 50, usiguse nyasi. Kitu kikitoka, pitisheni tena koili juu ya shimo lililo wazi. Mara nyingi kuna cha pili kilichokuwa kimefunikwa na cha kwanza. Halafu mimina udongo wote kutoka kwenye kitambaa, funika bonge, kanyaga kwa uzito wa mwili, na inua nyasi kwa vidole. Kukiwa kavu, nusu lita ya maji. Kukiwa na ukame wa kweli, msichimbe kabisa. Ngojeni mvua inyeshe, udongo ushikane, bonge litoke zima.

Mzizi unene wa kidole, acha shimo. Mlio mrefu unaoendelea mita moja na zaidi kwenye mstari ni bomba au waya: usichimbe hata sentimita moja. Glavu nene ni lazima kwenye bustani, kuna vioo na sindano, na chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati.

Kwa wawili: mmoja akichimba, mwingine azime mashine na akague lile shimo la mwisho la mwenzake kwa macho. Mwenye shimo huliona zuri siku zote.


#12 Fedha_Nyeusi

Mmesahau kinachofuata baada ya sarafu kutoka. Kidole gumba kimeharibu sarafu nyingi kuliko sepeto. Mtu anaitoa ikiwa na udongo, anaisugua ili asome tarehe. Udongo una mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko fedha. Mistari midogo inabaki milele.

Fedha inatoka karibu safi, wakati mwingine nyeusi. Ioshe kwa maji tu, iweke juu ya kitambaa laini na uibonyeze ikauke. Weusi usiutoe. Shaba ni nyeti zaidi: ule ukoko wa kijani ndio unaobeba mwandiko, na chini yake metali inaweza kuwa imeliwa, kwa hiyo ukiutoa unatoa na picha. Iweke kwenye kisanduku chenye pamba, nyumbani iloweke kwenye maji yaliyochemshwa na kutoneshwa, badilisha maji kila siku, na udongo uutoe kwa kijiti cha meno cha mbao chini ya lenzi. Siki, ndimu na umeme wa betri acheni kwa misumari. Kuhifadhi, msitumie mifuko laini ya PVC, inatoa kemikali inayoacha utando wa kijani unaonata.


#13 Njiwa_Manga

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mgawanyo? Na tukikuta nyingi mahali pamoja?


#14 Koili28

Mgawanyo mkubaliane kabla ya kuwasha mashine, na muuandike. Njia mbili zinafanya kazi: kila mmoja anachukua alichochimba, au vyote vinaingia kapu moja na kugawanywa. Kama mnaitana kuthibitisha milio kama alivyoeleza @MawimbiMafupi, njia ya pili ina haki zaidi, maana sarafu hiyo imepatikana kwa mashine mbili.

Mkikuta nyingi pamoja, simamisheni kazi. Dalili ni sarafu mbili au tatu za umri mmoja kwenye shimo moja, au mlio wa juu unaobaki na nguvu ile ile hata baada ya kutoa ya kwanza. Msichimbe kufuata. Mpangilio wa sarafu ardhini, chombo kilichozibeba, hata kitambaa kilichooza, vina habari ambayo wataalamu wa mambo ya kale pekee wanaweza kuitoa, na ikivurugwa haipatikani tena. Pigeni picha shimo likiwa na rula ndani, chukueni alama ya eneo kwenye simu, rudisheni udongo juu. Mmoja akae pale, mwingine ampigie msimamizi aliyetoa kibali. Msiweke picha mtandaoni siku hiyo, kwa kuwa usiku wake watafika wengine bila kibali.

Na kitu kizito cha chuma chenye umbo la silinda au mapezi (huenda ni bomu) mkiache kilipo, ondokeni mita nyingi, zimeni mashine na mpige simu polisi kutoka huko mlikokwenda.